Kwa Gari-nyumba Hadi Uwanja wa Maputo: Mwongozo kwa Familia za Louisville, Columbus na Buffalo

Mwanzoni mwa Oktoba kila mwaka, kwa muda wa siku 9, mji wa Albuquerque katika jimbo la New Mexico hukusanya maputo zaidi ya 500 ya hewa ya moto pamoja na marubani wao kutoka nchi mbalimbali. Hakuna tamasha la maputo kubwa kuliko hilo duniani. Lilianza mwaka 1972 kwa maputo 13 tu, yaliyorushwa kutoka eneo la kuegeshea magari la jengo la maduka la Coronado Center, wakati redio KOB ya mji huo ikisherehekea kutimiza miaka 50. Mwaka 2000 maputo yaliyoandikishwa yalipita 1,000. Leo tamasha lina uwanja wake lenyewe, Balloon Fiesta Park, wenye ekari zaidi ya 300. Pembezoni mwa uwanja huo kuna maeneo makubwa ya kulaza magari ambayo Wamarekani huyaita RV, yaani gari lenye vitanda, jiko, choo na bafu ndani yake. Hapa nitaliita gari-nyumba.

Ukitoka Highview, kusini-mashariki mwa Louisville, mpaka Albuquerque ni maili kama 1,300. Kutoka Columbus ni karibu 1,450, na kutoka Buffalo karibu 1,800. Makala haya ni ya familia zetu za miji hiyo zinazojiuliza kama safari ya namna hiyo ni ya watu kama sisi: watu wa kazi za zamu, wenye watoto wengi na likizo fupi. Jibu langu ni ndiyo, inawezekana kabisa. Ila anayeipanga kwa kuhesabu maili peke yake ataharibikiwa. Hesabu za safari hii huanzia alfajiri.

Kwa nini alfajiri

Puto halina usukani. Rubani ana vitu viwili mkononi: kichomeo cha gesi ya propani kinachopasha hewa ili puto lipande, na kamba inayofungua tundu la juu ili hewa ya moto itoke na puto lishuke. Kwenda kushoto au kulia ni kazi ya upepo. Rubani hupanda na kushuka akitafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, na akilipata hutulia humo. Jua likishachomoza na kuipasha ardhi, hewa huanza kupanda na kuvurugika, na upepo wa chini huongezeka. Ukizidi maili 10 hivi kwa saa, marubani wengi hawarushi.

Albuquerque imejaliwa jambo moja ambalo miji mingi haina. Usiku, hewa baridi huteremka katika bonde la mto Rio Grande ikielekea kusini, na juu yake kuna upepo unaovuma kuelekea kaskazini. Asubuhi yenye hali hiyo rubani hupaa, akachukuliwa kusini, akapanda juu zaidi, akarudishwa kaskazini, kisha akashuka karibu na pale alipoanzia. Wenyeji huuita mzunguko huo sanduku. Hautokei kila siku, na zipo asubuhi ambazo hakuna puto hata moja linaloondoka ardhini.

Sasa fikiria familia iliyopanga hoteli upande wa pili wa mji. Malango hufunguliwa karibu saa kumi na nusu alfajiri (4:30 kwenye simu), kwa hiyo watoto wanaamshwa saa nane usiku, wanapangwa kwenye gari, wanakaa kwenye foleni ndefu gizani, wanaegesha mbali, wanatembea na baridi, halafu bendera nyekundu inapandishwa: leo hakuna kuruka. Aliyelala kwenye gari-nyumba pembeni ya uwanja anachemsha chai na kutazama bendera. Ya njano inamaanisha subiri, ya kijani ruksa. Ikiwa nyekundu, watoto wanarudi kitandani. Hapo ndipo pesa ya gari-nyumba inaporudi, na kwa safari nyingine nyingi naona ni gharama isiyo na sababu.

Kwa hiyo panga kuwa uwanjani asubuhi tatu mfululizo. Mbili ni hatari, na moja ni bahati nasibu. Kupaa kwa pamoja, pale maputo yote yanapoondoka kwa mawimbi kuanzia karibu saa moja asubuhi (7:00), hufanyika hasa wikendi zote mbili. Alhamisi na Ijumaa ni zamu ya maputo yenye maumbo ya wanyama, katuni na vitu vya kila namna, ambayo watoto wadogo huyapenda kuliko yote. Familia inayofika Jumatano jioni na kuondoka Jumapili itaona karibu kila kitu.

Anzeni na la karibu

Kama hakuna mtu nyumbani kwenu aliyewahi kusimama karibu na puto, au aliyewahi kulala hata usiku mmoja kwenye gari-nyumba, msianze na maili 1,300. Kila mmoja wa miji yetu mitatu una pa kuanzia.

Wa Louisville wana bahati kubwa zaidi. Maputo ni sehemu ya Kentucky Derby Festival, sherehe zinazotangulia mbio za farasi za Jumamosi ya kwanza ya Mei. Miaka ya karibuni onyesho la usiku, ambapo maputo hubaki ardhini yakiwashwa moto mpaka yang'ae kama taa, limekuwa likifanyika Kentucky Exposition Center, mwendo wa dakika chache kutoka Highview. Mashindano ya alfajiri huanzia uwanja mdogo wa ndege wa Bowman Field. Wa Columbus wana All Ohio Balloon Fest, mwezi wa Agosti, kwenye uwanja wa ndege wa Union County mjini Marysville, maili kama 30 tu. Wa Buffalo hawana budi kusafiri kidogo: Adirondack Balloon Festival hufanyika Septemba huko Queensbury, kaskazini mwa Albany, tangu mwaka 1973, na kiingilio ni bure. Ni mwendo wa saa tano hivi, umbali mzuri wa kulijaribu gari-nyumba kwa wikendi moja kabla ya kulikabidhi familia nzima kwa siku kumi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Jules Verne alipoandika riwaya yake ya safari ya puto juu ya Afrika, iliyotoka mwaka 1863, wasafiri wake aliwaanzisha Zanzibar. Miaka 99 baadaye, mwaka 1962, Mwingereza Anthony Smith na wenzake waliondoka kweli Zanzibar kwa puto la gesi ya haidrojeni walilolipa jina la Jambo, wakavuka bahari mpaka bara. Mmoja wa wenzake, mpiga filamu Alan Root, ndiye aliyeanzisha safari za puto kwa watalii huko Maasai Mara mwaka 1976. Leo maputo hupaa kila alfajiri Mara na Serengeti, lakini kwa mamia ya dola kwa kichwa, na wengi waliozaliwa jirani na mbuga hizo hawajawahi kuyakaribia. Albuquerque mtazamaji hulipa kiingilio cha kawaida, watoto wa miaka 12 na chini wamekuwa wakiingia bure, kisha anatembea uwanjani katikati ya maputo yenyewe, hakuna uzio.

Hesabu mikanda, usihesabu vitanda

Gari-nyumba la kukodi linalozifaa familia nyingi ni lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha kuliendesha, mradi uzito wake usizidi pauni 26,000, na ya kukodi karibu yote yako chini ya hapo. Kampuni nyingi hutaka dereva awe na miaka 25 na kadi ya benki yenye nafasi ya kuwekewa amana.

Kosa kubwa liko hapa. Tangazo litasema gari linalaza watu 7. Hilo ni gari lililosimama. Likitembea, kila mtu lazima awe kwenye kiti chenye mkanda, na mara nyingine mikanda haifiki idadi ya vitanda. Uliza: mikanda ni mingapi, na viti vingapi vinatazama mbele? Kiti cha mtoto hakifungwi kwenye kochi linalotazama ubavuni. Sheria ya Kentucky inataka mtoto mwenye urefu wa inchi 40 au pungufu akae kwenye kiti chake maalumu, na aliye chini ya miaka 8 mwenye urefu kati ya inchi 40 na 57 akae kwenye kiti cha kumwinua. Mama wa watoto sita asikubali kuambiwa kwamba wawili watalala kitandani nyuma "mpaka tufike". Gari likifunga breki kwa ghafla, aliyelala kitandani hana cha kumshika. Kama mko tisa, chukueni gari-nyumba moja na gari dogo la nyumbani nyuma yake, tena mtafaidika: gari dogo ndilo litakaloenda sokoni.

Mkataba wa kukodi usomwe na mtu mzima anayejua Kiingereza vizuri. Tafadhali msimbebeshe mtoto wa miaka 12 mzigo wa kutafsiri bima. Ulizeni mambo haya kwa majina yake: maili ngapi zimo kwenye bei na kila maili ya ziada ni kiasi gani, jenereta inalipiwa kwa saa au ni bure, bima ya kampuni inafidia nini, na paa likigonga daraja je, gari likiharibika njiani nani anatuma fundi, na likirudishwa bila matangi kumwagwa mnatozwa nini. Kisha lipigeni picha gari zima, nje na ndani, paa na magurudumu, mbele ya mwenye gari, kabla ya kuwasha injini.

Njia na mafuta

Kutoka Highview shikeni barabara ya Gene Snyder, mwingie I-65 kaskazini, kisha I-64 magharibi, mvuke mto Ohio kwa daraja la Sherman Minton mpaka Indiana. St. Louis msipite katikati ya mji na chombo kirefu. Upande wa Illinois geukeni kusini kwa I-255, mzunguke mpaka I-270 na kutokea I-44. Hiyo ndiyo itakayowafikisha Oklahoma City, na kutoka hapo ni I-40 moja kwa moja: Amarillo, kisha Albuquerque. Wa Columbus hufika St. Louis kwa I-70. Wa Buffalo hufuata I-90 kando ya ziwa Erie mpaka Cleveland, halafu Columbus. Nao wawe macho na simu zao wanapotafuta njia ya kwenda magharibi kwa jumla, kwani wakati mwingine simu huona njia ya mkato inayopita Kanada. Ambaye karatasi zake hazijakamilika anaweza kutoka na ashindwe kurudi.

Sehemu ya I-44 ndani ya Oklahoma ni ya kulipia, na hakuna kibanda cha kutoa pesa. Kamera hupiga picha namba ya gari na bili humfuata mwenye gari, naye atawaongezea gharama zake. Ulizeni mapema utaratibu wa kampuni yenu.

Gari-nyumba la ukubwa huo hutumia galoni moja kwa maili 8 mpaka 10. Kwenda na kurudi kutoka Louisville ni maili 2,600, yaani karibu galoni 290. Mafuta yakiwa dola 3 kwa galoni, andaeni dola 870 kwa mafuta pekee. Andikeni namba hiyo kwanza, ongezeni kukodi, nafasi ya kulala, kiingilio na chakula, kisha gawanyeni kwa idadi ya watu wazima wanaochangia. Familia mbili zinazoelewana zikishirikiana, mzigo unabebeka.

Kutoka Louisville mwendo wa siku tatu kwenda unatosha, madereva wawili wakipokezana, saa nane kwa siku na si zaidi. Chombo hiki si gari dogo lililorefushwa. Ukikata kona kulia, mkia wake unatoka kushoto. Breki zake zinahitaji nafasi mara mbili ya uliyozoea. Urefu wake kwenda juu ni kati ya futi 10 na 12, kwa hiyo andika namba kamili kwenye karatasi na uibandike mbele ya usukani, maana dari za mikahawa ya kununulia garini na matawi ya miti ya mitaani ndivyo huvunja paa nyingi. Oklahoma na kaskazini mwa Texas upepo hupiga ubavuni kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mpaka maili 55, na upepo ukizidi simama. Maeneo ya mapumziko ya barabara kuu Texas huruhusu kukaa mpaka saa 24. Maduka makubwa mengine huruhusu kulala kwenye maegesho yao, lakini ingia ndani umuulize meneja kwanza.

Saa zitarudi nyuma mara mbili njiani. Saa kumi na mbili jioni ya Louisville ni saa kumi jioni Albuquerque. Anayetumia dawa kwa saa maalumu aliweke hilo akilini.

Maji, choo, gesi

Nafasi za kawaida za kulala kwenye tamasha hazina umeme wala maji. Zipo chache zenye huduma hizo, na hizo huisha mapema. Mkiwa kwenye nafasi ya kawaida mnaishi kwa mlichobeba, basi jazeni maji safi na mmwage machafu kabla ya kuingia.

Tangi la maji safi la galoni 40, kwa watu 6 kwa siku 3, ni kama galoni 2 kwa kila mtu kwa siku: kupika, kuosha vyombo, kunawa, choo na wudhu. Waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au mahali popote pa kupanga foleni ya maji hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Watoto waliozaliwa hapa wanahitaji. Maji ya kunywa yawe kwenye madumu ya pembeni. Wanaotumia maji chooni watenge dumu lao pia.

Chini ya gari kuna matangi mengine mawili, moja la maji ya kuogea na vyombo, jingine la choo. Humwagwa kwenye kituo maalumu, na kazi hii inawatisha wengi bure. Vaa glavu. Unganisha bomba nene kwenye mdomo wa gari na ulisukume barabara kwenye tundu la ardhini. Fungua kwanza valvu ya choo, usikilize mpaka mtiririko uishe. Ifunge. Kisha fungua valvu ya maji ya kuogea, nayo itasafisha bomba. Funga, rudisha maji kidogo na dawa kwenye tangi la choo, nawa mikono kwa sabuni. Valvu ya choo isiachwe wazi siku zote, kwa sababu maji hutoka na uchafu mzito hubaki ukakauka. Na vitambaa vya kumfutia mtoto visiingie chooni hata kimoja.

Sasa niseme jambo ambalo naomba msilipite haraka. Gari-nyumba ni chumba kidogo kilichofungwa. Moshi wa jenereta na wa mkaa una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na humuua mtu usingizini. Makaa yasiwashwe ndani, hata kwa dakika moja, hata baridi ikiwa kali, hata dirisha likiwa wazi. Jiko la gesi la ndani ni la kupikia, si la kuota moto. Mkipika fungueni dirisha na washeni feni ya juu. Jaribuni kengele za kaboni monoksaidi na za gesi siku ya kuchukua gari, kila moja, kwa kubonyeza kitufe mpaka ilie. Jenereta izimwe kabla ya kulala. Na ikiwa wawili watatu wanaumwa kichwa au kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni wote nje kwanza, mengine baadaye, mpige 911.

Kuhusu chakula, Albuquerque iko juu, zaidi ya futi 5,000, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Maharage ya kawaida yatawamalizia gesi. Pikeni nyumbani maharage, sombe na nyama, mgandishe kwenye vifurushi vya mlo mmoja mmoja, au mbebe sufuria ya presha. Ugali unapikika, lakini vyuma vya jiko la gari ni vyepesi na sufuria huteleza unaposonga. Afadhali jiko dogo la gesi juu ya meza imara nje, mtu mmoja akishika sufuria. Na kabla ya kufungua hata kifuniko, angalieni kanuni za uwanja kuhusu moto wa nje.

Karatasi

Sheria ya shirikisho inamtaka mhamiaji wa miaka 18 na zaidi kubeba uthibitisho wa hali yake: kadi ya ukaazi, au fomu ya I-94 kwa mkimbizi ambaye bado hajaipata kadi. Bebeni za asili, na nakala zake zibaki nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Njia niliyoitaja haipiti kwenye vizuizi vya doria ya mpaka, lakini mkiamua kuteremka kusini mwa New Mexico kuona mchanga mweupe wa White Sands, mtavikuta barabarani wakati wa kurudi kaskazini. Mwenye kesi ya hifadhi ambayo haijaamuliwa azungumze na mwanasheria wake kabla ya kununua chochote.

Bima ya Medicaid ni ya jimbo. Nje ya Kentucky, Ohio au New York, kwa kawaida itagharamia dharura tu. Jazeni dawa za kutosha na mbebe kadi.

Vijana wasikie hili kutoka kwa wakubwa wao: bangi inauzwa madukani kwa ruhusa ya jimbo huko New Mexico, na Missouri pia, lakini kwa sheria ya shirikisho bado ni kosa. Asiye raia akikiri tu kwamba ameitumia anaweza kupoteza uraia aliokuwa akiusubiri miaka mitano.

Uwanjani

Asubuhi za Oktoba hushuka mpaka nyuzi 5 hivi za Selsiasi, na mchana hupanda zaidi ya 20 kwa jua kali na hewa kavu. Vaeni nguo juu ya nguo. Kofia ya sufu na glavu kwa watoto alfajiri, kofia ya jua na maji ya kunywa saa nne asubuhi. Wengine hutokwa damu puani siku ya kwanza kwa ukavu na mwinuko. Si ajabu, watulie na wanywe maji. Kila mtoto awe na namba ya simu ya mzazi mkononi, imeandikwa kwa kalamu isiyofutika, kwani gizani katikati ya maelfu ya watu mtoto hupotea kwa kufumba na kufumbua.

Simameni karibu na puto moja na mlifuate tangu mwanzo, badala ya kukimbia huku na huku. Kikapu hulazwa ubavu. Kitambaa hutandazwa kwenye majani, kirefu kuliko mlivyodhani. Feni kubwa hupuliza hewa baridi ndani huku watu wawili wakishika mdomo wazi, na kitambaa huanza kuvimba polepole mpaka mtu anaweza kutembea ndani yake. Kisha rubani huelekeza moto mdomoni. Joto linakupiga usoni hata ukiwa hatua kumi nyuma, kikapu kinasimama, na watu wanakiegemea kwa uzito wao ili kisiondoke. Mwamuzi mwenye fulana ya mistari myeusi na myeupe kama punda milia hutazama juu, huhakikisha anga iko wazi, hupuliza filimbi na kuinua vidole gumba. Watoto wanaoogopa mlio wa moto wabebwe mgongoni na wasilazimishwe kusogea.

Msikanyage kitambaa. Msiguse kamba bila kuambiwa. Hakuna sigara karibu na gesi, hakuna mbwa, hakuna droni. Mkitaka kushika kazi, tamasha hupokea watu wa kujitolea wa kusaidia marubani kutandaza, kushikilia, na kulifuata puto kwa gari mpaka linapotua. Hakuna malipo, lakini hakuna njia bora ya kijana wetu kujifunza kazi hii na kujuana na watu wake. Wa zamu za usiku watashangaa jinsi saa hizo zisivyowasumbua. Anayetaka kupaa mwenyewe ajue kwamba bei ni mamia ya dola, kwamba mjamzito haruhusiwi, kwamba mtasimama muda wote, na kwamba wakati wa kutua mnakunja magoti na kushika vishikio vya ndani mpaka rubani aseme mnaweza kutoka.

Upepo ukikataa, jirani na uwanja kuna jumba la makumbusho la Anderson-Abruzzo, lililofunguliwa mwaka 2005. Limepewa majina ya Maxie Anderson na Ben Abruzzo, wenyeji wa Albuquerque ambao pamoja na Larry Newman waliivuka bahari ya Atlantiki mwaka 1978 kwa puto la Double Eagle II, watu wa kwanza kufanya hivyo, wakatua Ufaransa. Lioneni na watoto wenu.

Msianze safari ya kurudi siku ile ile mlipoamka gizani kutazama maputo. Dereva alale mchana na usiku mzima kwanza, muondoke kesho yake.

Nafasi za kulaza magari huanza kuuzwa miezi mingi kabla, na nzuri huisha kwanza. Likizo za kiwandani na ghalani nazo huombwa mapema. Anayetaka Oktoba ijayo aitishe kikao cha familia kabla ya Krismasi, aangalie kalenda ya shule, kisha amhesabie kila mtu mkanda wake. Asiyekuwa na mkanda asipande.